Kabla ya kuzipanga kliniki za afya ya akili kwa alama za kompyuta

Ndugu Mhariri,

Safu ya maoni ya gazeti lako ilibeba hivi karibuni pendekezo kwamba hospitali za Nyanda za Juu Kusini zitumie kompyuta kusoma maelezo ambayo madaktari, matabibu na wauguzi huandika kwenye mafaili ya wagonjwa wa akili, kisha kila hospitali ipewe alama na orodha itangazwe, kuanzia wa kwanza hadi wa mkiani. Nusu ya kwanza ya pendekezo hilo tunaiunga mkono. Nusu ya pili tunaipinga, na sababu zetu ni za hesabu na za lugha. Hatumkingii mtu kifua.

Tuanze na kinachotufanya tuunge mkono. Takwimu za MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za vituo vya afya, zinaeleza ni wagonjwa wangapi walifika na walikuja na ugonjwa gani. Hazielezi kama mwenye sonona aliulizwa iwapo anawaza kujiua. Hazielezi kama msichana aliyeandikiwa valproeti, dawa ya kifafa inayotumika pia kwa magonjwa ya akili, alielezwa hatari yake kwa mimba, wala kama mgonjwa aliyetoka wodini alionekana tena ndani ya mwezi. Majibu ya maswali hayo, kama yapo, yamo katika sentensi mbili tatu zilizoandikwa kwa haraka chini ya tarehe ya hudhurio. Timu ya usimamizi ikifika kituoni hufungua mafaili machache na kuondoka. Kompyuta haichoki, na inaweza kupitia mafaili yote ya mwaka mzima. Mwaka 1966 Avedis Donabedian aligawa ubora wa huduma katika sehemu tatu: muundo, mchakato na matokeo. Tarakimu zetu nyingi ni za muundo. Mchakato umelala ndani ya maandishi.

Anayetaka mfano wa kazi kubwa ya aina hii aangalie hifadhi ya CRIS ya hospitali za akili za South London and Maudsley nchini Uingereza, iliyojengwa mwaka 2007 na 2008. Mafaili ya mamia ya maelfu ya wagonjwa yameondolewa majina, na programu zinazochambua maandishi zinachota humo dalili, dawa na alama za vipimo. Lakini hospitali hizo zilikuwa na mafaili ya kielektroniki tayari, yameandikwa kwa lugha moja, na nyuma yake kuna chuo kikuu chenye watu wanaosoma noti, yaani maelezo hayo ya kwenye faili, kwa macho mwaka hadi mwaka ili kuikagua programu. Kuchukua programu ya huko na kuipachika kwenye faili la Tukuyu au Mafinga ni kutafuta majibu ya ajabu.

Noti ya kawaida ya hudhurio la marudio kwetu ina urefu wa mstari mmoja. Mgonjwa hana jipya, "CST. TCA 1/12", sahihi. Mtu wa kliniki anaielewa mara moja: aendelee na dawa zilezile, arudi baada ya mwezi mmoja. Programu iliyofundishwa kwingine inaona TCA na kuamini mgonjwa anapewa dawa za kundi la amitriptilini, kwa sababu katika vitabu vya dawa herufi hizo tatu ndizo jina la kundi hilo. Inaona 1/12 na kuandika tarehe 1 Desemba. Ikikuta 2/52, yaani wiki mbili, inatupa kosa au inakaa kimya. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, kabla ya hesabu yoyote ya kisasa, ni kukaa na wauguzi wa kila kliniki na kuandika kamusi ya vifupisho vyao. Tunasema ya kila kliniki kwa makusudi, maana kifupisho kinachomaanisha hivi Iringa kinaweza kumaanisha vingine Kyela. Kamusi hiyo mara nyingi si ndefu, na ndiyo inayookoa kazi kuliko kitu kingine chochote.

Baada ya vifupisho inakuja lugha yenyewe. Mgonjwa au ndugu yake amezungumza Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kisafwa; muuguzi amemfasiria daktari kwa Kiswahili; daktari ameandika Kiingereza, halafu pale aliposhindwa kupata neno ameacha maneno ya mgonjwa kama yalivyo. Matokeo yake ni noti ya Kiingereza yenye visiwa vya Kiswahili, na visiwa hivyo ndivyo vyenye uzito. "Mawazo mengi", "kichwa kinawaka moto", "moyo unakwenda mbio", "anasema hana faida". Programu inayosoma Kiingereza peke yake huruka visiwa hivyo vyote na kuripoti kwamba hakuna dalili iliyoandikwa.

Ukanushaji unastahili kuelezwa kwa kirefu, maana hapo ndipo programu nyingi zinapoanguka. Kanuni inayotumika sana kutambua kwamba dalili imekanushwa inaitwa NegEx, iliyochapishwa mwaka 2001 na Wendy Chapman na wenzake. Inatafuta neno la kukanusha, kisha inahesabu kuwa dalili yoyote iliyo ndani ya maneno takriban matano yanayofuata haipo. Kwa Kiingereza inafanya vizuri kwa kiasi cha kushangaza, ukizingatia urahisi wake. Kwa Kiswahili ukanushaji umo ndani ya kitenzi. "Anasikia sauti" na "hasikii sauti" zinatofautiana kwa kiambishi cha mwanzo na irabu ya mwisho, wala hakuna neno la pembeni la kushika. Ukiorodhesha "hana" kuwa neno la kukanusha na kuacha dirisha la maneno matano, soma noti hii: "Hana homa, hana kifafa, anawaza kujiua." Dirisha la "hana" ya pili linameza "anawaza kujiua", na mgonjwa aliye hatarini anahesabiwa salama. Dawa yake ni kuufanya ukanushaji ukome kwenye kitenzi kinachofuata chenye kiambishi cha kukubali, au kwenye mkato, lolote litakalotangulia.

Hata hivyo kuna sentensi ambazo kukanusha ndiyo dalili yenyewe: "haoni sababu ya kuishi", "hataki kuishi", "hana tumaini". Programu yenye bidii ya kufuta vilivyokanushwa itazifuta hizi kwanza. Sentensi za namna hiyo lazima ziorodheshwe moja moja na zichunguzwe kabla ya kanuni ya ukanushaji kufanya kazi, wala si baada. Halafu lipo neno "hali". "Hali yake nzuri" ni habari njema, ilhali "hali, halali" ni mtu ambaye hali chakula wala hapati usingizi. Programu inayotenganisha maneno bila kuangalia jirani zake haiwezi kuzijua mbili hizi. Kwa "hali" kanuni fupi inatosha: likifuatwa na yake, ya, nzuri, mbaya au imara, ni jina, likifuatwa na chakula, vizuri, au kitenzi kingine cha kukanusha, ni kutokula, mengine yote apelekewe mtu asome.

Bado kuna swali la nani. "Baba yake alijinyonga" si jaribio la mgonjwa, ingawa ni habari muhimu kwa tathmini ya hatari. "Akizidiwa na mawazo ya kufa arudi mara moja" ni ushauri, si dalili. Kanuni ya ConText, iliyotokana na NegEx, imetengenezwa kwa ajili ya hayo: nani anayehusika, lini, na kama jambo limetokea au linadhaniwa tu. Inaweza kuandikwa upya kwa Kiswahili, na maneno ya ukoo (baba, mama, shangazi, mjomba, bibi, kaka) yakawa vichochezi vyake. Tahadhari moja: kwetu "mama" anaweza kuwa mgonjwa mwenyewe, na kwenye noti za kliniki ya wajawazito karibu kila mara ndiye.

Kuondoa majina nako kuna mtego. Njia rahisi ni kuipa programu orodha ya majina ya Kitanzania na kuiambia ifute kila inapoyaona. Katika orodha hiyo watakuwepo Furaha, Amani, Tumaini, Faraja, Shida na Neema. Ikipita juu ya noti inayosema mgonjwa hana furaha, amekosa amani na ana shida ya usingizi, inafuta sonona yote na kuacha nukta. Mwingine atasema tutumie umbo: huku Mbeya koo nyingi huanza na Mwa-, basi tufute kila neno la Mwa-. Umefuta mwaka, mwanamke, mwalimu na mwanzo. Kinachofanya kazi ni kuchukua majina ya mgonjwa huyohuyo kutoka kwenye jalada lake, pamoja na ya ndugu aliyemsindikiza, na kuyafuta ndani ya noti zake tu, kisha namba za simu, namba za faili na majina ya vijiji kwa orodha. Na bado mtu asome sampuli kwa macho, kwa sababu "mke wa mwenyekiti wa kijiji" haina jina lolote lakini kijiji kizima kinamjua.

Sasa hatua za kazi, kwa hospitali moja. Chagua swali moja. Tuseme ni hili: mgonjwa mpya wa sonona aliulizwa kuhusu mawazo ya kujiua? Chukua noti 100 za hospitali hiyo kwa bahati nasibu, zikigawanywa kwa waandishi wake, ili daktari mmoja mwenye maneno mengi asiwe sampuli nzima. Kama ni za karatasi, zichapwe. Programu za kusoma picha za mwandiko hazijafikia kuaminiwa kwa mwandiko wa kliniki wala kwa mchanganyiko wa lugha mbili. Noti 100 zenye maneno 80 kila moja ni maneno 8,000. Mchapaji wa maneno 25 kwa dakika angemaliza kwa saa tano na dakika ishirini, lakini mwandiko unamrudisha nyuma, kwa hiyo mpange siku mbili.

Watu wawili, mmoja muuguzi wa afya ya akili na mwingine tabibu au daktari, wasome noti zote 100 kila mtu peke yake, wakifuata mwongozo ulioandikwa wa kurasa mbili, na kuweka ndiyo au hapana. Kisha mpime makubaliano yao kwa kappa, msiishie kwenye asilimia. Sababu ni hii. Tuseme kila mmoja ameweka ndiyo kwenye noti 10, na wamekutana kwenye noti 5 tu. Hapana zao zimekutana kwenye noti 85. Wamekubaliana kwa noti 90 kati ya 100, na kwa sikio ni fahari. Lakini watu wawili wanaosema hapana mara tisa kati ya kumi wangekubaliana kwa bahati tu kwenye noti 82. Kappa inatoa bahati hiyo nje: 0.08 kugawanya kwa 0.18, yaani 0.44, makubaliano ya wastani. Ikiwa chini ya 0.6, msiiguse programu. Rekebisheni mwongozo, kwa sababu jambo ambalo watu wawili wenye taaluma hawalielewi kwa namna moja, kompyuta haina pa kujifunzia. Penye mvutano, mtu wa tatu aamue.

Programu ya kwanza iwe ya kanuni zilizoandikwa kwa mkono, kwa lugha ya programu ya Python, kwenye kompyuta ya kawaida isiyounganishwa na intaneti. Haina mbwembwe, lakini ikikosea unajua mstari uliokosea. Modeli kubwa za lugha, yaani akili bandia inayosoma na kutunga maandishi, zinaweza kuongezwa baadaye, kwa masharti mawili. Kwanza ziendeshwe ndani ya hospitali au kwenye seva ya serikali, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inaweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Kunakili noti ya mgonjwa na kuibandika kwenye huduma ya mtandaoni yenye seva nje ya nchi ni kuipeleka nje. Pili, modeli itakiwe kutoa sentensi ya noti iliyoitegemea, na programu ndogo ikague kama sentensi hiyo imo kweli kwenye noti. Modeli hizi hazioni aibu kutunga. Sentensi isipopatikana, jibu litupwe.

Kujipima kunahitaji noti ambazo waandishi wa kanuni hawajawahi kuziona. Viwango viwili vinatosha: kati ya noti zenye jambo lenyewe, programu imekamata ngapi, na kati ya zile ilizozikamata, ngapi ni za kweli. Hapa watu wengi hujidanganya kwa udogo wa sampuli. Kama kwenye noti za majaribio zenye jambo ni 20 na programu imekamata 16, hiyo ni asilimia 80, lakini wigo wa uhakika wa asilimia 95, yaani eneo ambamo kiwango cha kweli huenda kimo, unaanzia 56 hadi 94. Hujui kitu. Zikiwa 100 na imekamata 80, wigo ni 71 hadi 87, na hapo unaweza kuzungumza. Jambo likiwa adimu, ongeza noti zilizochaguliwa kwa maneno ya utafutaji, lakini uandike kila noti ilichaguliwaje na uipe uzito wake kwenye hesabu, vinginevyo usahihi utapanda kwa uongo.

Tukifika hapo ndipo tunaweza kueleza kwa nini tunapinga orodha ya kutangaza. Chukua kliniki mbili. Zote mbili, kwa ukweli wa mambo, huwauliza wagonjwa 80 kati ya 100 kuhusu mawazo ya kujiua na kuandika. Kliniki ya kwanza huandika kwa Kiingereza cha vitabuni, na programu inakamata asilimia 90 ya tathmini zake. Ya pili huandika maneno ya mgonjwa kwa Kiswahili, jambo ambalo sisi tunaliona ni uandishi bora zaidi, na programu inakamata asilimia 60. Kote kuwili programu inawapa sifa ya bure asilimia 5 ya wasioulizwa. Kliniki ya kwanza itatokea na alama 73, ya pili na 49. Gazeti litaandika kwamba moja inafanya vizuri na nyingine inazembea, na mganga mkuu wa mkoa ataitisha kikao kuhusu tofauti ambayo haipo.

Tofauti hiyo inasahihishika kwa fomula ya Rogan na Gladen ya mwaka 1978, ambayo tabibu yeyote anaweza kuipiga kwa kikokotoo cha simu. Chukua alama iliyoonekana, ongeza kiwango cha kutambua wasioulizwa (hapa 0.95, kwa kuwa asilimia 5 yao hupewa sifa ya bure), toa moja. Gawanya kwa jumla ya kiwango cha kukamata na kiwango hicho cha kutambua wasioulizwa, ukitoa moja. Kliniki ya kwanza: 0.68 kugawanya kwa 0.85. Ya pili: 0.44 kugawanya kwa 0.55. Zote ni 0.80. Lakini fomula inadai ujue kiwango cha kukamata cha kila kliniki kivyake. Ndiyo maana noti zisomwe na watu katika kila hospitali itakayopimwa, na noti 400 za hospitali ya rufaa haziwezi kuwakilisha noti za Makete au Ludewa.

Kuna pengo jingine ambalo fomula haiwezi kuliziba: kilichoandikwa na kilichofanyika si kitu kimoja. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mwandishi wa noti anajua faili linaweza kuitwa, na ndugu wanamsihi. Si ajabu basi kukuta "alikunywa kimakosa" kwenye noti ya mtu ambaye wodi nzima inajua hakukosea. Hapo programu imeisoma noti sawasawa. Ni noti yenyewe inayomlinda mgonjwa, na kituo chenye huruma zaidi kitaonekana kuwa na majaribio machache zaidi.

Upande wa pili ni noti za mhuri. Watumishi wakishajua kwamba kompyuta inatafuta neno fulani, neno hilo litatokea kwenye kila noti, limebandikwa. Kwenye mfumo wa kielektroniki kama GoT-HoMIS kunakili noti ya mwezi uliopita ni jambo la sekunde. Dalili za mhuri zinapimika: hesabu ni noti ngapi za mwandishi mmoja zina sentensi ileile herufi kwa herufi, na alama ya PHQ-9, dodoso la kupima sonona, inajirudia mara ngapi bila kubadilika hata kwa nukta moja. PHQ-9 ina maswali tisa, kila moja la alama 0 hadi 3, jumla 27. Mtu halisi anayetibiwa hakai kwenye 14 miezi sita mfululizo. Kwa tathmini ya hatari, tunashauri isihesabiwe kuwa imefanyika hadi noti iwe na vitu vitatu: kwamba mgonjwa aliulizwa, alijibu nini, na kilichofanyika baada ya jibu, kama vile nani atakaa naye nyumbani na lini ataonekana tena.

Tunaulizwa, basi lipi linaweza kupimwa leo? Mambo machache ambayo maandishi yake hayana utata. La kwanza ni valproeti kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Dawa hiyo ikitumiwa wakati wa ujauzito, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro kubwa ya kimaumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Umri upo kwenye jalada, jina la dawa halina maana mbili, na programu inatafuta tu kama mahali popote ndani ya mwaka pametajwa uzazi wa mpango, kipimo cha mimba au maelezo aliyopewa. Wale ambao hakuna kitu, orodha yao iende kwa muuguzi kesho yake asubuhi. Hata programu ikikosea kwa wachache, gharama ni faili kufunguliwa bure.

La pili ni ufuatiliaji baada ya kutoka wodini. Marekani hupima siku 7 na siku 30. Uingereza imeweka saa 72. Kwa mgonjwa wa Ludewa aliyelazwa Mbeya, saa 72 ni mzaha, hasa katika miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili. Siku 30 inaeleweka, na kituo cha karibu na kwake kihesabiwe. Linganisheni mwezi na mwezi wake wa mwaka uliotangulia, kwa sababu wakati wa kupanda mazao mahudhurio hushuka kila mahali.

Dawa ya lithiamu na sindano za kila wiki nne za flufenazini, dawa ya skizofrenia, tusingeanza nazo. Vipimo vya figo na tezi ya shingo anavyohitaji mtumiaji wa lithiamu ni kazi ya maabara, si ya noti: majibu hukaa kwenye daftari la maabara, na sindano hukaa kwenye rejesta ya chumba cha sindano. Programu inayosoma noti peke yake itasema havikufanyika. Kifafa nacho kitengwe mapema. Kliniki zetu za akili ndizo zinazowahudumia wenye kifafa, na katika maeneo ya ufugaji wa nguruwe kama Mbozi, ambako minyoo ya tegu ni sababu mojawapo ya ugonjwa huo, idadi yao si ndogo. Wakichanganywa na wenye sonona au skizofrenia, kila asilimia inapotea. Wasitengwe kwa dawa, maana kabamazepini inatumika pande zote mbili; watengwe kwa ugonjwa ulioandikwa.

Vilevile wapo wagonjwa wengi ambao noti zao haziko hospitalini. Ziko kwenye daftari la shule alilonunua dukani, ambalo zahanati iliandika na yeye akarudi nalo nyumbani. Hakuna kompyuta itakayolisoma, na zahanati iliyoandika vizuri ndani yake itahesabiwa kuwa haikuandika chochote.

Kwa hiyo, ndugu Mhariri, ikiwa siku moja ofisi yako italetewa jedwali la alama za kliniki za akili za mikoa yetu, tunaomba usilichapishe hadi kando ya kila hospitali pawe na mambo manne: noti ngapi programu ilizisoma, noti ngapi za hospitali hiyohiyo zilisomwa na watu wawili na kappa yao ilikuwa ngapi, programu ilikamata asilimia ngapi pamoja na wigo wake, na noti ngapi hazikusomeka. Hizo za mwisho ziwe na safu yake. Zisiingizwe kwenye sifuri.

Wasomaji wako,
Watumishi wa afya ya akili na takwimu za afya,
Mbeya na Iringa